Wino gani kwa kitu gani: uchapaji wa skrini kuanzia pamba hadi chuma

Mteja akileta tisheti 50 za pamba, rifleksa 20 (vizibao vya kung'aa gizani) za waendesha boda boda na chupa 100 za asali, na zote zichapwe nembo moja, hizo ni kazi tatu. Nembo ni ileile, lakini wino, meshi (kitambaa chenye vitundu kinachofungwa kwenye fremu), emulsheni (mpako unaoziba vitundu hivyo isipokuwa penye mchoro) na joto vyote vinabadilika. Kazi ikirudishwa na chapa imebanduka, mara nyingi mchoro haukuwa na kosa lolote: wino haukuelewana na kitu kilichochapwa, au haukuiva.

Hapo kwenye kuiva ndipo wengi wanapoteleza. Wino wa maji hukauka maji yakiisha, lakini huiva pale gundi yake inapojifunga na nyuzi kwa joto au kwa fiksa, dawa ya kukaza wino. Plastisoli, wino wa PVC wa kuivishwa kwa joto, haikaushwi na hewa hata kidogo. Iache wiki nzima kwenye skrini, utaikuta mbichi. Wino wa thina hukauka kwa dakika chache, ila nguvu yake kamili huja baada ya saa 24 hivi. Wino wa hadina, yaani unaochanganywa na dawa ya kuugandisha, hukauka juu mapema huku ndani ukiendelea kujifunga kwa siku kadhaa. Ukipima kwa kidole peke yake, zote nne zitakudanganya, maana hata plastisoli iliyopashwa joto kidogo tu hushikika kama kavu.

Hatua ya 1: Jua unachochapia

Usichukue neno la muuzaji. Tisheti inayouzwa kama pamba tupu huweza kuwa na poliesta ndani, na hilo linabadilisha kila kitu. Chomoa uzi kwenye upindo wa ndani, ushike kwa kibano, uuwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini la kijivu. Poliesta hujikunja ikikimbia moto, huyeyuka, kisha huacha kitone cheusi kigumu. Ukipata jivu lenye vitone vigumu ndani yake, ni mchanganyiko. Unapochagua wino, ihesabu kuwa ni poliesta.

Kwa plastiki, geuza chombo utafute nambari iliyo ndani ya pembetatu. 1 ni PET, ile ya chupa za maji na soda. 2 ni HDPE, ya jerikeni na chupa za shampuu. 3 ni PVC, 4 ni LDPE, 5 ni polipropilini ya ndoo na vifuniko vingi, 6 ni polistairini. Ukikosa nambari, kata kipande kidogo ukitumbukize kwenye maji yenye tone la sabuni. Polithini ya aina zote na polipropilini huelea. PET, PVC na polistairini huzama. Kinachoelea ndicho kinachokataa wino, na kitahitaji maandalizi tutakayoyaeleza mbele.

Kisha muulize mteja kitu hicho kitatumikaje. Kitafuliwa kwa mkono na kusuguliwa? Kitapigwa pasi? Kitakaa juani mchana kutwa? Kitamwagikiwa petroli au mafuta ya kupikia? Rifleksa ya boda boda hupata jua, mvua na jasho kila siku, na stika ya tangi la pikipiki hupata petroli. Majibu haya yaandike kwenye oda pamoja na idadi na saizi.

Hatua ya 2: Skrini ifuate wino

Meshi huuzwa kwa hesabu ya nyuzi kwa sentimita au kwa inchi, na maduka mengine hutaja nambari bila kusema ni ipi. Uliza. 43 kwa sentimita ni karibu 110 kwa inchi; 77 ni karibu 195; 120 ni karibu 305. Kuzidisha kwa 2.54 kunakupa jibu. Anayenunua 120 akidhani ni ya sentimita, kumbe ni ya inchi, atachapa stika kwa wino mzito usiokauka, na kingo za herufi zitavimba.

Kwa vitambaa anza na 43 hadi 55. 43 hupitisha wino mwingi, inafaa nyeupe juu ya nyeusi na herufi nene. 55 hadi 77 ni ya mistari myembamba kwenye kitambaa cha rangi nyepesi. Plastiki, glasi na chuma hutaka 90 hadi 120, kwa sababu wino hauna pa kunywewa. Wote unakaa juu, na ukiwa mnene utapasuka au utachelewa kukauka. Wino wa dhahabu, fedha na gilita una chembe kubwa, hivyo fuata ukubwa wa chembe ulioandikwa kwenye kopo. Gilita ikiingizwa kwenye meshi ya 77 huchujwa ikabaki juu, na unachochapa ni gundi tupu.

Emulsheni ndiyo inayosahaulika. Zipo zinazostahimili maji na zipo zinazostahimili thina, na si kila emulsheni hustahimili vyote viwili. Ukichapa kwa wino wa maji kwenye emulsheni ya thina, baada ya tisheti kadhaa utaona vitundu vidogo, kisha kingo za herufi zinaanza kulegea na emulsheni yenyewe kumenyuka. Ukifanya kinyume chake, thina kali huvimbisha kingo na mchoro hupoteza ukali wake. Kama fundi ana kopo moja tu dukani, liwe la aina inayostahimili vyote. Skrini ikishaoshwa na kukauka, iweke tena juani kwa dakika 15 hadi 30. Mwanga wa ziada huimarisha emulsheni. Dawa za kukazia emulsheni zipo, ila ukizipaka skrini hiyo haitafutika tena kirahisi, kwa hiyo zitumie kwa nembo ya mteja anayerudi kila mwezi.

Fremu ya mbao inayolowana kila siku hupinda, na fremu iliyopinda haiwezi kupanga rangi mbili zikakutana. Kwa wino wa maji tumia alumini, au ipake mbao vanishi pande zote kabla ya kufunga meshi.

Hatua ya 3: Pamba kwa wino wa maji

Huu ndio wino wa karakana nyingi ndogo, na kwa pamba ya rangi nyepesi hakuna unaoushinda kwa ulaini. Unaingia ndani ya nyuzi. Ukipitisha mkono huusikii. Hununuliwa kama besi (msingi wa wino wenye gundi) angavu au nyeupe, pigmenti (rangi yenyewe) na fiksa, kisha unachanganya mwenyewe.

Kwa kilo 1 ya besi angavu:

1. Pima besi kwenye mizani. Kijiko hakipimi kazi ya mteja atakayerudi mwezi ujao akitaka rangi ileile.
2. Ongeza pigmenti gramu 20 hadi 50 kulingana na ukali wa rangi unaoutaka. Usivuke gramu 80. Pigmenti haina gundi yake yenyewe. Inashikwa na gundi iliyo kwenye besi, na ikizidi, inayobaki bila mshiko ndiyo inayotoka kwenye maji ya kwanza ya kufulia.
3. Koroga mpaka michirizi iishe, kisha subiri dakika chache mapovu yapande.
4. Chota kiasi cha kazi ya leo tu ukiweke kwenye chombo kingine, utie fiksa asilimia 2 hadi 3, yaani gramu 20 hadi 30 kwa kila kilo. Wino wenye fiksa haurudishwi kwenye kopo kuu. Baada ya saa kadhaa unaanza kuwa mzito, na kesho yake huenda usifae.

Kwenye kitambaa cheusi besi angavu haionekani, kwa hiyo tumia besi nyeupe au ya kufunika. Chapa mara ya kwanza, kausha kwa bunduki ya hewa moto, chapa tena mahali palepale. Mvuto mmoja mzito wa wino hauchukui nafasi ya mivuto miwili myepesi. Mzito huacha ukoko unaopasuka tisheti ikivutwa.

Pengo kati ya meshi na kitambaa liwe milimita 2 hadi 3. Skwiji, ubapa wa mpira wa kuvutia wino, ya ugumu wa Shore (kipimo cha ugumu wa mpira) 65 hadi 70 inatosha, ishikwe karibu wima, kama nyuzi 75. Baada ya kila mvuto inua fremu na urudishe wino juu ya mchoro bila kukandamiza, ili vitundu vya meshi vibaki vimefunikwa. Hapo ndipo siri ya wino wa maji ilipo: meshi ikiachwa wazi, inakauka. Januari na Februari, hewa ya Nairobi ikiwa kavu na jua kali, dakika mbili za kujibu simu zinatosha kuziba herufi nyembamba. Weka chupa ya kunyunyizia maji karibu, nyunyiza ukungu mwepesi upande wa wino kila baada ya tisheti kadhaa, na utie dawa ya kuchelewesha kukauka asilimia 2 hadi 5 tangu mwanzo. Feni isielekezwe mezani. Meshi ikianza kuziba, usiongeze nguvu ya mkono. Futa kwa sponji yenye maji papo hapo, chapa mara mbili tatu kwenye kitambaa cha majaribio, endelea.

Kuivisha kunaanza chapa ikishakauka kabisa, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya kitambaa hula joto lote. Kabla hayajaisha, wino haupandi kufikia nyuzi 150 za Selsiasi. Kwa hitipresi (mashine ya kukandamiza kwa joto) weka nyuzi 150 hadi 160, karatasi ya silikoni juu ya chapa, mkandamizo mwepesi, sekunde 25 mara tatu, ukifungua kila mara mvuke utoke. Kwa pasi ya nyumbani, weka karatasi safi juu ya chapa, pitisha pasi ya joto la pamba bila mvuke kwa dakika 3 hadi 5, ukiihamisha polepole ifike kila kona. Pasi ina joto lisilo sawa na kona za nembo ndizo zinazobaki mbichi, basi anzia huko.

Fiksa nyingi huweza kuivisha bila joto, na hilo ni msaada mkubwa siku stima zikipotea. Tundika tisheti mahali pakavu penye hewa, zikae angalau saa 72 kabla ya kufuliwa. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ikitulia na nguo zisikauke hata kwenye kamba, zipe wiki nzima. Mwambie mteja hivyo kabla hajalipa malipo ya kwanza.

Plastisoli

Plastisoli ni unga wa PVC ndani ya mafuta maalumu. Haizibi meshi, haikauki wakati wa chakula cha mchana, na nyeupe yake hufunika nyeusi vizuri. Kwa oda kubwa ya tisheti nyeusi ndiyo kazi rahisi kuliko zote, mradi una joto la kutosha.

Joto lenyewe ni karibu nyuzi 160 kwa plastisoli za kawaida, na unene wote wa wino ufike hapo, kuanzia juu hadi pale unapogusana na nyuzi. Bunduki ya kupima joto kwa mwanga husoma uso wa juu tu. Juu inaweza kusoma 165 huku chini ikiwa 130, na tisheti ya hivyo hupasuka ikifuliwa mara chache. Nunua stika za kupimia joto zinazobadilika rangi, ubandike moja karibu na chapa kila unapoanza kazi. Plastisoli za joto dogo, za nyuzi 130 hadi 140, zipo pia, soma kopo.

Kwa nyeupe juu ya nyeusi: chapa, pasha juu kwa sekunde 5 hadi 10 mpaka wino usishike kidole, acha upoe kidogo, chapa tena, kisha ivisha. Upashaji huo wa katikati usiwe wa kuivisha kabisa. Tabaka la kwanza likiiva, la pili halishikani nalo, na utaweza kulibandua kwa kucha kama ngozi ya chungwa. Kama huna mashine ya kupasha, shusha hitipresi ikaribie chapa bila kuigusa mpaka ushikaji uishe, ndipo uweke karatasi ya silikoni na ukandamize kidogo kwa sekunde 30 hadi 40. Ukikandamiza wino mbichi, unatapakaa.

Ikiwa nzito kuvuta, ikoroge kwanza. Plastisoli hulainika kwa kukorogwa. Kilainishi chake kisivuke asilimia 5 bila maelekezo ya kopo, kwa sababu kilainishi kikizidi hakuna joto litakaloivisha. Usitie thina wala mafuta ya taa. Na mwambie mteja asipige pasi juu ya chapa: plastisoli iliyoiva bado huyeyuka ikiguswa na chuma cha moto.

Stima zikikatika tisheti zikiwa kwenye mkanda wa kuivishia, zitoe mara moja kwa mkono, kwani mkanda umesimama lakini hita bado ni za moto. Zilizokatizwa zipitishe upya tangu mwanzo, hata kama zinaonekana zimeiva.

Poliesta: jezi na rifleksa

Unachapa nyeupe safi juu ya jezi nyekundu, unaipakia, na kesho yake asubuhi nyeupe imekuwa ya waridi. Sababu yake ni hii: rangi inayotiwa kwenye poliesta haijifungi na nyuzi kama ile ya pamba, imejificha ndani yake, na ikipata joto la kutosha hugeuka mvuke na kuhama. Plastisoli iliyo juu yake inaupokea mvuke huo. Kuhama huendelea baada ya kazi kutoka kwenye mashine, hasa jezi zikirundikwa zikiwa bado na moto. Nyekundu na maruni ndizo wakorofi zaidi, kisha kijani kibichi na buluu iliyokolea.

Dawa zake ni tatu na huenda pamoja. Tumia wino uliotengenezwa kwa poliesta, wa kuiva kwenye joto dogo. Chini ya nyeupe weka tabaka la kijivu la kuzuia rangi, lile lenye kaboni ndani yake, likifunika sehemu yote ya nyeupe. Na ukishaivisha, tandaza nguo moja moja zipoe kabisa kabla ya kukunja. Kabla ya kukubali oda, chapa kipande kimoja cha kitambaa kilekile, ivisha, kiache usiku kucha mahali penye joto, ukitazame asubuhi pembeni ya karatasi nyeupe. Jezi za rangi moja kutoka mizigo miwili tofauti huweza kutenda tofauti, kwa hiyo jaribu kila mzigo.

Kwa mchoro wa rangi nyeusi au iliyokolea, wino wa maji wa poliesta wenye fiksa, ukaivishwa bila joto kali, unaepusha shida yote hiyo. Ni chaguo letu la kwanza kwa rifleksa za njano na machungwa: karibu zote huchapwa maandishi meusi, na kitambaa chake chepesi hakipendi hitipresi. Nyingi zina matundu, wino hupenya hadi mezani, basi weka karatasi ya gazeti ndani kati ya mbele na nyuma, na uibadilishe kila mara. Usichape juu ya ukanda wa kung'aa. Wino hufunika shanga ndogo za kioo zinazorudisha mwanga wa gari, na rifleksa isiyong'aa gizani haimlindi aliyeivaa. Nembo ikiwa kubwa kuliko nafasi iliyo kati ya kanda, punguza nembo.

Mifuko laini ya polipropilini isiyofumwa, ile iliyoenea baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Kenya Agosti 2017, huyeyuka kwenye nyuzi 160 na ushee, na huanza kujikunyata kabla ya hapo. Plastisoli ya kawaida hapo ni kuharibu mzigo. Tumia wino wa thina wa polipropilini, au wino wa maji wa mifuko hiyo wenye fiksa. Ingiza kadibodi ndani ya mfuko, chapa mvuto mmoja, tandika rafuni, pakia baada ya saa 24.

Nailoni ya miavuli na jaketi za mvua ina mpako wa kufukuza maji, na mpako huo hufukuza wino pia. Futa eneo la kuchapa kwa spiriti ya isopropili, tumia wino wa nailoni pamoja na hadina yake, na ujaribu kipande kwanza.

Hatua ya 4: Plastiki ngumu na stika

Hapa tunaingia kwenye wino wa thina, na kila plastiki ina wake. Wino wa stika za PVC hufanya kazi kwa kulainisha kidogo uso wa PVC ili ujizamishe humo. Ndiyo maana unashika vizuri hivyo. Wino huohuo juu ya jerikeni utakauka vizuri kabisa na kubanduka kwa ukucha, kwa sababu hakuna ulichokilainisha.

Kwa stika tumia meshi ya 90 hadi 120, skwiji ya Shore 75, thina ya wino huohuo asilimia 10 hadi 20. Mchana wa joto ongeza thina ya polepole asilimia 5 hadi 10 ili wino usikaukie kwenye meshi. Stika zilizokauka juu zisirundikwe mapema: thina iliyobaki ndani hulainisha karatasi ya juu yake na zote hushikana. Zilale rafuni usiku mzima. Za nje ya gari zinahitaji pigmenti inayostahimili jua, na jua la hapa Nairobi, nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, ni kali. Rangi za kumulika za waridi na machungwa hufifia mapema hata zikiwa za bei ghali.

Akriliki, polistairini na polikaboneti zina hatari ya namna yake. Thina kali huingia kwenye mikazo iliyobaki tangu zilipotengenezwa na kuacha nyufa nyembamba kama nywele, pengine siku kadhaa baada ya kukabidhi kazi. Tumia wino na thina vilivyoandikiwa plastiki hiyo.

Jerikeni, chupa za HDPE na ndoo za polipropilini ndizo zinazoelea, na uso wake ni laini wenye nta kiasi kwamba maji husimama juu yake kama matone. Lazima ubadilishwe kwa moto kabla ya kuchapa:

1. Futa vumbi na mafuta kwa spiriti ya isopropili, subiri ikauke kabisa.
2. Washa tochi ya gesi iwe na mwali wa buluu. Mwali wa njano una masizi na hautabadilisha uso.
3. Pitisha ncha ya mwali juu ya eneo la kuchapa kwa mwendo wa haraka usiosimama, mara moja au mbili. Plastiki ikianza kung'aa au kubonyea, umezidisha.
4. Ikipoa, mwagia maji. Yakitandaa kama utando, tayari. Yakikusanyika kuwa matone, rudia.
5. Ikaushe bila kugusa eneo hilo kwa vidole, uchape siku hiyohiyo, kwa wino wa polithini na polipropilini.

Moto ni kwa vyombo vipya tu. Jerikeni iliyowahi kubeba petroli au thina ina mvuke ndani hata ikionekana kavu, na mvuke huo hulipuka.

Chupa za PET hazihitaji moto, zinahitaji usafi na wino wake. Lakini hulegea kuanzia nyuzi 70 hivi, kwa hiyo zikauke kwa hewa tu.

Hatua ya 5: Glasi, kauri na chuma

Kwa chupa za asali za glasi, vikombe na vibao vya chuma, tumia wino wa epoksi unaochanganywa na hadina. Soma uwiano kwenye kopo, kwani hutofautiana sana kati ya watengenezaji, na upime kwa mizani kwa uzito. Hadina pungufu huacha wino laini daima. Ikizidi, wino huwa mkavu wa kuvunjika. Koroga, uache utulie dakika 15, ndipo uchape. Una saa chache tu kabla haujaharibika, mara nyingi 6 hadi 8, na ukishapita muda huo usidanganyike kwa kuongeza thina: utachapika, lakini hautashika.

Uso usafishwe kwa asetoni au spiriti ya isopropili, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha ushike chombo kwa glavu. Alama ya kidole inatosha kubandua herufi. Chuma kilichopakwa rangi ya unga nacho kifutwe na kijaribiwe kwanza, kwani baadhi ya rangi hizo zina nta.

Glasi iliyochapwa ikaushwe kwanza, kisha iwekwe kwenye oveni ikiwa baridi, joto lipandishwe polepole hadi nyuzi 140, likae dakika 30, lishuke polepole vilevile. Bila oveni wino huo hujifunga kwa siku 5 hadi 7, mradi chumba kisishuke chini ya nyuzi 15. Usiku wa Julai karakana ya mabati hushuka chini ya hapo, na kujifunga kunasimama. Peleka kazi kwenye chumba chenye joto, au usiahidi vikombe vitakavyooshwa kila siku kama huna oveni. Kwenye glasi na vikombe vya kunywea, acha sentimita 2 kutoka ukingoni bila chapa.

Kadi na karatasi nene hazina makuu: wino wa karatasi wa thina au wa mafuta, meshi ya 100 hadi 120, rafu ya kukaushia. Wino wa maji hukunja karatasi nyembamba.

Hatua ya 6: Pima kabla ya kukabidhi

Kwa kitambaa kuna majaribio matatu. Lowesha kitambaa cheupe, sugua chapa mara 10. Kikichukua rangi, wino haujaiva au pigmenti imezidi. Vuta chapa ya plastisoli kwa mikono miwili. Ikipasuka na kuonyesha nyuzi, rudisha kwenye joto. Kisha fua tisheti moja kwa maji ya moto na sabuni ya unga, uisugue kama inavyosuguliwa nyumbani, ikauke, utazame kingo za herufi.

Kwa plastiki, glasi na chuma subiri saa 24, au muda kamili wa hadina. Kwa wembe mpya kata mistari 6 sambamba na mingine 6 ikiikatiza, milimita 2 kati ya mstari na mstari kwa plastiki, milimita 1 kwa chuma na glasi. Bandika selotepu imara, ikaze kwa kidole, ivute kwa mara moja. Vijiraba vikibaki vyote, kabidhi. Vikitoka vyote na uso wa chini ukabaki safi, tatizo ni uso wenyewe: mafuta, nta, au moto haukutosha. Wino ukigawanyika, nusu kwenye selotepu na nusu kwenye kitu, tatizo ni wino: haujaiva, au hadina haikupimwa. Kujua tofauti ya haya mawili kunakuokoa usibadilishe wino usio na kosa.

Kujua gharama ya wino, pima kopo kwenye mizani kabla na baada ya kuchapa vipande 10, ugawanye kwa 10. Nembo, meshi na kitambaa vikibadilika, pima upya.

Kuosha na mabaki

Wino wa maji huoshwa kwa maji papo hapo, kabla ya kula, kabla ya kuhesabu kazi. Plastisoli hukwanguliwa irudi koponi, inakaa muda mrefu bila kuharibika, kisha skrini hufutwa kwa dawa ya kuoshea. Wino wa thina na wa hadina hufutwa kwa thina yake. Usitumie petroli, mvuke wake hushika moto upesi mno. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni hadi kwenye jiko la makaa lililo chumba cha pili, kwa hiyo fungua mlango na dirisha la chini, na jiko liwe nje. Vaa glavu za nitrili, kwa sababu za mpira wa kawaida hulegea kwenye thina.

Matambara yenye thina yawekwe kwenye debe la chuma lenye mfuniko. Mabaki ya wino yasimwagwe kwenye mtaro: ya wino wa maji yakaushwe kwenye sinia mpaka yawe magumu, na ya hadina yaachwe yagande koponi kabla ya kutupwa, mfuniko ukiwa wazi na kopo likiwa mbali na moto, kwani mengine hupata joto yakigandia kwa wingi.